Jinsi ya kuchagua pikapu kubwa: anza na uzito, injini itafuata

Wanunuzi wengi wa pikapu kubwa huanza kwa kuuliza injini. Ni V6 au V8? Ina nguvu za farasi ngapi? Kisha inakuja rangi, rimu, na ukubwa wa skrini ya dashibodi. Habari ya uzito haitajwi mpaka siku gari limeshapakiwa, nyuma imekaa chini, pua imeinuka, na taa za mbele zinamulika matawi ya miti badala ya barabara. Hapo usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi na breki zinachelewa kushika, na mara nyingi ndani mna familia nzima. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na kilo. Ukishazijua kilo zako, maswali mengine yote, kuanzia kebini hadi difu, yanapata majibu yake bila ubishi mwingi.

Kwanza tuelewane ni magari gani tunayoyazungumzia. Pikapu kubwa ni Ford F-150, Chevrolet Silverado 1500 na pacha wake GMC Sierra 1500, Ram 1500 na Toyota Tundra. Nissan Titan ilikuwemo pia, ila uzalishaji wake ulikoma 2024, kwa hiyo sasa inapatikana iliyotumika tu. Magari haya yalibuniwa kwa ajili ya Amerika Kaskazini, na hutoka kiwandani yakiwa na usukani wa kushoto. Yale ya usukani wa kulia, kama yanayouzwa Australia, hugeuzwa baadaye na kampuni maalumu. Kabla hujatoa hata malipo ya awali, hakikisha sheria ya nchi yako inaruhusu upande wa usukani wa gari unalolitaka, na kama limegeuzwa, muulize muuzaji nani aliligeuza na nyaraka za kazi hiyo ziko wapi.

Hatua ya 1: Andika mzigo wako kwa kilo

Chukua karatasi, gawa mara tatu. Sehemu ya kwanza andika unachobeba karibu kila siku, ya pili unachobeba mara moja kwa wiki au mwezi, ya tatu kile cha mara moja kwa mwaka. Usiandike "mizigo mizito" au "vifaa vya ujenzi". Andika kilo. Mfuko wa saruji ni kilo 50, lita moja ya maji ni kilo 1, na mtu mzima mhesabie kilo 75 ukiwa huna namba yake halisi. Jenereta, mashine ya kuchomelea, boksi la zana: uzito wake umepigwa chapa kwenye kibati chake, au uko kwenye kitabu chake.

Mchanga ndio unaowaponza wengi. Bodi fupi ya F-150 ina ujazo wa karibu mita 1.5 za ujazo. Mchanga mkavu una uzito wa takriban tani 1.6 kwa mita moja ya ujazo, na ukilowa unazidi hapo. Ukiijaza bodi hiyo mpaka ukingoni umepakia tani 2.4, ilhali pikapu nyingi za aina hii zimeruhusiwa kubeba kati ya kilo 600 na 900 tu, watu wakiwemo. Bodi inaweza kupokea mara tatu ya kile ambacho ekseli, tairi na breki zinaweza kustahimili. Nafasi iliyobaki kwenye bodi haikuambii lolote kuhusu uwezo uliobaki kwenye gari.

Mimi nashauri gari lichaguliwe kwa sehemu ya pili ya karatasi, yaani mzigo mzito unaorudi mara kwa mara. Mzigo wa mara moja kwa mwaka kodi lori. Ukinunua gari kwa ajili ya siku ile moja, utalilipia mafuta na tairi siku nyingine zote.

Hatua ya 2: Soma kibandiko cha mlangoni

Fungua mlango wa dereva uangalie nguzo ambayo mlango unajifungia. Kwenye pikapu zilizotengenezwa kwa soko la Marekani katika miaka ya karibuni utakuta vibandiko viwili. Kimoja kina herufi GVWR: huo ndio uzito wa juu kabisa ambao gari linaruhusiwa kufikia likiwa na watu, mafuta na mzigo wote. Kina pia uzito wa juu wa ekseli ya mbele na wa ekseli ya nyuma, kila moja peke yake. Kibandiko cha pili kina mchoro wa tairi na rangi ya manjano, na humo mna sentensi ya Kiingereza inayosema kwamba uzito wa watu na mizigo kwa jumla usizidi kilo fulani, na paundi zake pembeni. Piga picha sentensi hiyo. Namba yake ni ya gari hilo hilo ulilosimama mbele yake, na vifaa lilivyotoka navyo kiwandani vimeshahesabiwa. Namba ya kwenye tangazo ni ya toleo jepesi kuliko yote, ambalo huenda muuzaji hajawahi kuwa nalo.

Magari mawili yenye jina moja, mwaka mmoja na injini moja yanaweza kupishana kwa zaidi ya kilo 300. Sababu ni uzito wa gari lenyewe. Paa la kioo, viti vya umeme, rimu kubwa, ngazi za pembeni zinazojikunja, mfumo wa 4x4: kila kimoja kina kilo zake, na zote zinatoka kwenye fungu lako. Kwa sababu hiyo toleo la kifahari kwa kawaida hubeba kidogo kuliko lile la kazi lenye viti vya plastiki. Ram 1500 TRX, iliyouzwa kuanzia modeli ya 2021 hadi 2024, ilikuwa na nguvu za farasi 702, na uwezo wake wa kubeba ulikuwa karibu kilo 590. Kwa kulinganisha, F-150 iliyopangwa vizuri kwa kazi inaweza kuruhusiwa kilo 1,100 na zaidi kidogo, tena kwa injini yenye nguvu ndogo mno kuliko hiyo. Nguvu ya injini husaidia kusogeza mzigo, lakini wanaoubeba ni springi, ekseli, tairi na chesisi.

Hapa wapo watakaoshangaa. Pikapu za wastani kama Hilux, zinazoundwa kwa ajili ya nchi nyingi nje ya Amerika Kaskazini, mara nyingi huruhusiwa kubeba karibu tani moja, kuzidi pikapu kubwa nyingi za kifahari. Kama kazi yako ni kubeba tani moja ya mzigo mgumu nyuma na hutavuta tela, pima tena kama kweli unaihitaji pikapu kubwa. Ubora wake uko kwingine: kuvuta tela zito kwa utulivu, kukalisha watu watano wazima bila magoti kugusana na viti, na kubeba vitu vipana.

Kama gari limetumika, angalia pia kilichoongezwa baada ya kiwanda. Bampa la chuma, winchi, kava la bodi, tangi la ziada: kibandiko hakivijui. Vitoe mwenyewe kwenye hesabu.

Hatua ya 3: Kama utavuta tela, piga hesabu hii

Matangazo ya pikapu kubwa hutaja uwezo wa kuvuta wa tani 5, hata tani 6. Namba hizo si za uongo, na siku hizi zinapatikana kwa kipimo kimoja kinachoitwa J2807 cha chama cha wahandisi wa magari cha SAE. Toyota iliwahi kukitumia kwa Tundra ya 2011, na wengine walifuata miaka michache baadaye. Sehemu mojawapo ya jaribio hilo ni kupanda mlima wa Davis Dam huko Arizona kwenye joto la karibu nyuzi 38, kiyoyozi kikiwa kimefunguliwa hadi mwisho, bila kushuka chini ya kilomita 64 kwa saa. Ni jaribio la kweli. Ila ndani ya gari wanahesabiwa watu wawili tu, kila mmoja wa kilo 68, na bodi karibu tupu. Safari zako haziko hivyo.

Chukua pikapu ambayo kibandiko chake kinaruhusu kilo 750. Ndani mna watu watano wa kilo 75 kila mmoja, jumla 375. Nyuma kuna tela la tani 3. Tela la kawaida la hoki linapaswa kuegemeza asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake juu ya hoki ya gari, na gari linaubeba uzito huo sawasawa na mifuko ya saruji. Tuchukue asilimia 12: kilo 360. Jumlisha na wale watu, unapata 735. Umebakiwa na kilo 15, na chuma cha hoki unachokichomeka nyuma kinaweza kuzimaliza zote. Tangazo lilisema tani 5, nawe umefika kikomo kwenye tani 3 bodi ikiwa tupu. Karibu kila pikapu ya kundi la 1500, yaani hizi tulizozitaja mwanzoni, inaishiwa uwezo wa kubeba kabla ya uwezo wa kuvuta, kwa hiyo hesabu hii ifanye kwa namba zako kabla ya kitu kingine chochote.

Nakuomba usijaribu kuipunguza ile asilimia 10 kwa kurudisha mzigo nyuma ya tela. Tela lenye kichwa chepesi huanza kuyumba kwenye mwendo, mwanzo kidogo kidogo, halafu linaanza kuliyumbisha gari lenyewe. Wapo waliopoteza maisha kwa njia hiyo kwenye barabara nzuri na mchana kweupe.

Inama pia uangalie kibandiko cha kwenye hoki yenyewe, chini ya bampa. Mara nyingi kina namba mbili: moja ya kuvuta kwa hoki tupu, nyingine ya kuvuta kwa kifaa cha kusambaza uzito, kile chenye vyuma viwili vinavyorudisha sehemu ya uzito kwenye ekseli ya mbele. Kwa hoki tupu, pikapu nyingi huishia karibu kilo 2,270. Tela zito liwe na breki zake, na gari liwe na kidhibiti cha breki hizo ndani pamoja na soketi ya pini 7. Kama havipo, gharama ya kuviweka ihesabu kwenye bei.

Hesabu ikikataa, panda daraja: F-250, Silverado 2500, Ram 2500. Hizo zina ekseli nzito, breki kubwa na chesisi ya unene mwingine. Utalipia kwa mwendo mgumu gari likiwa tupu, mafuta zaidi, na tairi za bei kubwa. Kuweka springi za nyongeza au mipira ya hewa kwenye 1500 hakuongezi uwezo wake ulioruhusiwa. Gari litanyooka na kupendeza macho, ila ekseli na breki ni zile zile.

Hatua ya 4: Kebini na bodi

Kuna kebini za aina tatu: ya milango miwili, ya kati yenye milango midogo au nafasi finyu nyuma, na kubwa ya milango minne kamili. Shida ni majina, kwa sababu kila kampuni ina ya kwake. Kwa Toyota na Chevrolet, "Double Cab" ni ile ya kati. Kubwa inaitwa CrewMax kwa Toyota na Crew Cab kwa Chevrolet. Ram ya kati ni Quad Cab. Ford ya kati ni SuperCab na kubwa ni SuperCrew. Aliyezoea "double cab" ya Hilux anaweza kuagiza gari kwa picha ya mbele tu, likafika na kiti cha nyuma ambacho mtu mzima hawezi kukaa saa mbili. Omba picha ya kiti cha nyuma, mlango ukiwa wazi.

Bodi nazo ni tatu: futi 5.5, 6.5 na 8, yaani takriban mita 1.7, 2.0 na 2.4. Upana kati ya vifuniko vya magurudumu kwenye pikapu kubwa unapita sentimita 122, kwa hiyo bamba la plaiwudi la sentimita 122 kwa 244 linalala bapa sakafuni. Kwenye bodi ya futi 8 linaingia na mlango wa nyuma unafungwa. Kwenye ya 5.5 linatokeza, na itabidi ulifunge huku mlango ukiwa wazi. Kwa mtu mwenye familia na kazi ya wastani, mimi huona kebini kubwa na bodi ya futi 6.5 ndiyo inayokaa vizuri, mradi una mahali pa kuiegesha.

Na mahali penyewe pima kwa futi kamba. F-150 ya milango minne na bodi fupi ina urefu wa karibu mita 5.9 na upana unaozidi mita 2 kabla ya kuhesabu vioo. Hilux ya milango minne ina kama mita 5.3 kwa 1.85. Pima geti, pima kona ya kuingilia, pima kina cha maegesho. Ukubwa huu hauonekani gari likiwa kwenye uwanja mpana wa muuzaji.

Hatua ya 5: Injini, difu na mafuta

Sasa injini. Usishindane na namba za farasi, angalia torki, yaani nguvu ya kuzungusha, na mzunguko inakopatikana. F-150 ya 2021 na kuendelea inatoa mfano mzuri: V8 ya lita 5.0 na V6 ya lita 3.5 yenye tabo mbili zote zina nguvu za farasi 400. Ila V6 inatoa torki ya karibu Nm 678 ikiwa kwenye mizunguko 3,100 kwa dakika, na V8 inatoa karibu Nm 556 kwenye mizunguko 4,250. Ukiwa na tela mlimani, ya kwanza inapanda kwa utulivu na ya pili inapiga kelele ikitafuta gia ya chini. Kwa upande mwingine V8 isiyo na tabo ina vitu vichache vya kuharibika, na mafundi wengi wanaielewa.

Mwinuko nao una neno lake. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda juu ya usawa wa bahari. Ukiishi kwenye mita 2,000, V8 yako ya farasi 400 inafanya kazi kama ya 320. Tabo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Wanaoishi nyanda za juu wanaovuta tela, tabo ina maana kwao kuliko wa pwani.

Kuna namba ndogo inayosahaulika: uwiano wa difu. Utaona 3.21, 3.55, 3.73, 3.92. Namba ikiwa kubwa, gari linavuta vizuri zaidi na kunywa mafuta zaidi kidogo kwenye mwendo wa kasi. Gari lile lile, injini ile ile, likiwa na difu ya 3.21 linaweza kuruhusiwa kuvuta chini kwa zaidi ya tani moja kuliko lenye 3.92. Muulize muuzaji, na asipojua tafuta kwa namba ya chesisi.

Dizeli inavutia kwa torki na unywaji mdogo. Silverado na Sierra zina Duramax ya lita 3.0, silinda sita za mstari. Ila dizeli za kisasa zina chujio la masizi na mfumo wa kimiminika cha urea, na zinahitaji dizeli yenye salfa kidogo sana. Kama huna uhakika wa ubora wa dizeli unakopita, nunua ya petroli. Chujio likiziba katikati ya safari, gari linajipunguzia nguvu lenyewe mpaka lifike kwa fundi mwenye kompyuta sahihi.

Za haibridi, kama F-150 PowerBoost, zina faida isiyozungumzwa vya kutosha: unaweza kupata umeme wa hadi kilowati 7.2 kutoka kwenye soketi za bodi, unaotosha kuendesha mashine ya kuchomelea au zana za mafundi kadhaa kwa wakati mmoja. Kwa mwenye kazi mbali na umeme hilo linaweza kufuta bei ya jenereta. Za umeme mtupu ni tulivu na zina torki kubwa, lakini tela zito hupunguza umbali wake kwa takriban nusu. Kama unavuta mara kwa mara, hesabu vituo vya kuchaji kwa nusu hiyo.

Hatua ya 6: Springi, 4x4 na tairi

Ram 1500 tangu modeli ya 2009, na Tundra tangu 2022, zina springi za koili nyuma. Silverado na F-150 ya kawaida zina springi za mabamba. Koili inakaa kwa upole zaidi barabarani, mabamba yanavumilia zaidi mzigo wa kila siku na ni rahisi kutengeneza popote.

4x4 inunue kama unapita matope, mchanga au unavuta boti kutoka majini. Kama njia zako ni lami na changarawe nzuri, 4x2 ni nyepesi, inabeba zaidi na ina vyuma vichache vya kuhudumia. Mfumo wenye 2H (magurudumu mawili), 4H (manne, gia ya kawaida) na 4L (manne, gia nzito) pekee usiutumie 4H kwenye lami kavu, magurudumu ya mbele na nyuma yatavutana kwenye kona na kuumiza gia. Wenye hali ya otomatiki unavumilia lami.

Tairi: angalia kama zimeandikwa LT au P mwanzoni mwa vipimo. P ni za starehe, LT ni za kazi. Soma na fahirisi ya mzigo; 116, kwa mfano, ni kilo 1,250 kwa tairi moja. Muuzaji akiwa amebadilisha tairi kuwa za sura tu, pana na zenye fahirisi ndogo kuliko ya kibandiko, umepoteza uwezo ambao gari lilizaliwa nao.

Hatua ya 7: Kama ni iliyotumika, jua ugonjwa wake kabla hujaliona

Kila modeli ina udhaifu unaojulikana na mafundi. F-150 za 2004 hadi 2010 zenye V8 ya lita 5.4 ya vali tatu zinajulikana kwa plagi (hasa za miaka ya mwanzo, hadi 2008) zinazokatikia ndani ya kichwa cha silinda zikifunguliwa, na kwa mlio wa kugonga injini ikiwa moto na imetulia. V6 ya lita 3.5 yenye tabo, hasa ya 2017 hadi 2020, ikiwashwa asubuhi ya baridi isikilize sekunde za kwanza: mkwaruzo mfupi mbele ya injini unaashiria vidhibiti vya kamshafti vilivyochoka, na kuvibadilisha ni kazi kubwa. Ndiyo maana umwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Fika, weka mkono juu ya boneti. Ikiwa ya moto, mwambie utarudi kesho.

V8 za GM (General Motors, mama wa Chevrolet na GMC) zenye mfumo wa kuzima silinda ili kuokoa mafuta huweza kuharibika vinyanyua vali. Sikiliza mlio wa tiki-tiki usioisha injini ikipata moto. Hemi, V8 ya lita 5.7 ya Ram, ina boliti za manifoldi ya moshi zinazokatika, mlio wake ni wa kuvuja hewa asubuhi unaopungua injini ikipata moto. Tundra za 2007 na 2008 injini yake ya lita 5.7 ina sifa njema ya kudumu, lakini chesisi zao zilishika kutu kiasi cha kuingia kwenye makubaliano ya mahakamani ya 2016 kati ya Toyota na wamiliki. Lala chini ya gari na nyundo ndogo, gonga chesisi kuanzia mbele hadi juu ya ekseli ya nyuma. Chuma kizima kinalia kwa sauti kali na wazi. Kilichooza sauti yake imezibika, na magamba yanadondoka. Rangi mpya nyeusi chini ya gari kuukuu ni sababu ya kugonga zaidi.

Bodi ya F-150 ni ya aluminiamu tangu modeli ya 2015. Haishiki kutu, lakini ikibonyea inahitaji fundi anayejua kuchomelea aluminiamu. Chesisi yake bado ni chuma.

Angalia namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17. Ya 10 inaonyesha mwaka wa modeli: L ni 2020, M ni 2021, N ni 2022, P ni 2023, R ni 2024. Ya 8, kwa Ford, GM na Ram, inaonyesha injini. Iingize namba hiyo kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, uone kama kuna marekebisho ya kiwandani ambayo hayajafanyika. Hili si jambo dogo. Mwaka 2024 Toyota iliita takriban magari laki moja, Tundra za 2022 na 2023 zikiwemo, kwa sababu ya mabaki ya chuma yaliyobaki ndani ya injini wakati wa utengenezaji. Mwaka 2025 General Motors iliita karibu laki sita yenye V8 ya lita 6.2 ya 2021 hadi 2024. Gari la namna hiyo likiwa limeshauzwa nje ya Marekani, muulize wakala wa kampuni nchini mwako kama atalishughulikia, na upate jibu kwa maandishi.

Hatua ya 8: Jaribu likiwa na mzigo, kisha lipeleke kwenye mzani

Kuendesha pikapu tupu kwa dakika kumi kunakuonyesha viti na redio. Omba kupakia angalau nusu ya mzigo wako, hata kwa mifuko ya mchanga. Shuka mteremko mrefu, uone gia zinavyosaidia breki. Funga breki kwa nguvu mahali salama, gari lisivute upande. Rudi nyuma kwenye njia nyembamba, halafu geuza: pikapu hizi zinahitaji duara linaloweza kukaribia mita 15.

Ukishaipenda, ipeleke kwenye mzani wa malori kabla ya kulipa. Pima likiwa na tangi lililojaa na watu wako wote ndani, kwanza gari zima, kisha ekseli ya nyuma peke yake. Toa uzito wa gari zima kwenye GVWR ya mlangoni. Kinachobaki ndicho unachoweza kuweka nyuma. Linganisha na sehemu ya pili ya karatasi yako. Kisha linganisha ekseli ya nyuma na namba yake kwenye kibandiko, maana mzigo mwingi hukaa huko, na ekseli ya nyuma inaweza kuvuka kikomo jumla ikiwa bado salama. Kama vyote viwili vimebakiza angalau kilo mia moja juu ya mzigo wako, anza kuzungumza bei.